Ulikataliwa masta? Namna ya kuomba tena katika fani nyingine ukiwa Lubumbashi

Barua za kukataliwa zikianza kuingia, maswali yanayofuata ni yaleyale kila mwaka. "Nilisoma kemia, sasa nataka afya ya jamii, watanikubali?" "Nifiche kwamba mwaka jana walinikataa?" "Au nianze graduwa upya?" Nimechoka kujibu vipande vipande kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo haya hapa yote mahali pamoja. Inawezekana. Usifiche. Na kuanza graduwa (ile miaka 3 ya kwanza ya chuo) upya, karibu kila mara, ni kupoteza miaka.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyemaliza lisansi, iwe ile ya zamani ya miaka 5 au hii ya LMD (mfumo mpya wa lisansi, masta na doktora) ya miaka 3, akaomba masta au bursi (ufadhili wa masomo) katika fani yake, akakataliwa, na sasa anaitazama fani nyingine. Mfano nitakaotembea nao ni wa mtu wa kemia anayehamia afya ya mazingira, kwa sababu hapa kwetu Katanga njia hiyo ina mantiki yake. Kama wewe unatoka sheria kwenda usimamizi wa misitu, badilisha majina, kazi ni ileile.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rileve za alama za kila mwaka, siyo ya mwaka wa mwisho peke yake. Uliyesoma G1 mpaka L2 (graduwa miaka 3, lisansi miaka 2), ni rileve tano, zote na muhuri unaosomeka.
- Diploma. Kama bado haijatoka, atestesheni ya kufaulu yenye saini na tarehe.
- Pasipoti yenye muda wa kutosha mbele yake.
- Dosie nzima uliyotuma mara ya kwanza, pamoja na barua iliyokukataa. Usiifute kwa hasira, utaihitaji katika hatua ya 1.
- Memwari yako (utafiti wa kumaliza masomo) kwa PDF.
- Barua pepe yenye jina lako halisi. Ile uliyofungua ukiwa sekondari, yenye "prince" na "boss" ndani, iache ipumzike.
- Watu watatu wanaoweza kukuandikia barua ya mapendekezo, na wa nne wa akiba.
- Miezi 8 mpaka 12. Anayetaka kubadilisha fani ndani ya wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, anunue mega za kutazama mpira, zitamfaa zaidi.

Hatua ya 1. Jua kwanza ulikataliwa kwa nini

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo mwaka mzima unapotea. Kubadilisha fani kunatibu aina moja tu ya kukataliwa. Unga ukiwa na mchanga, hata ukibadilisha sufuria, bukari itatoka na mchanga.

Weka dosie ya zamani mezani, uisome kana kwamba ni ya mtu mliyegombana. Kisha amua iko wapi kati ya hizi:

*Karatasi.* Rileve moja haikuwemo, muhuri haukuonekana, barua ya profesa haikufika, cheti cha Kiingereza kilikuwa kimepitwa na muda (TOEFL na IELTS huhesabiwa miaka 2 tu). Dosie kama hizi mara nyingi huondolewa na sekretarieti kabla kamati haijakaa. Kama uko hapa, usibadilishe fani kwa sababu hiyo. Fani mpya itakukataa kwa karatasi ileile.

*Ushindani.* Ulisomwa, ukapendwa, nafasi zikaisha. Utajua kwa sababu uliwekwa kwenye orodha ya akiba, au uliitwa kwenye mahojiano, au chuo kilikukubali lakini bursi haikuja. Wewe omba tena fani ileile, na kama moyo unakusukuma, ongeza ile mpya pembeni mwaka huohuo.

*Kutolingana.* Uliomba programu inayofanya jambo moja, barua yako ikazungumzia lingine. Mtu wa kemia ameandika kurasa mbili juu ya watoto wanaokunywa maji ya kisima kilicho karibu na kiwanda, halafu anaomba masta ya kutengeneza molekuli mpya maabarani. Kamati imemsoma vizuri kuliko alivyojisoma mwenyewe. Mwongozo huu ni wake hasa.

Kama barua haisemi sababu, uliza. Andika kwa lugha ya programu, kwa maana hii:

"Nashukuru kwa muda mlioutumia kusoma dosie yangu. Nakusudia kuomba tena. Kama utaratibu wenu unaruhusu, naomba kujua ni sehemu gani ya dosie iliyokuwa dhaifu zaidi."

Basi, usiongeze. Usieleze jinsi ulivyoumia, usiulize nani alichukuliwa mahali pako. Wengi hawatajibu. Wanaojibu huandika mistari miwili, na mistari hiyo miwili inazidi ushauri wote utakaoupata kwa marafiki.

*Angalia:* usitume ujumbe huo siku uliyopokea jibu. Lala kwanza.

Hatua ya 2. Tafuta daraja kati ya fani mbili

Kamati ya fani mpya haitakuuliza kama unaipenda fani hiyo. Itajiuliza kama utaimaliza. Kwa hiyo kazi yako ni kuonyesha kwamba tayari una mguu mmoja ng'ambo.

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto, andika kozi zako zote kama zilivyo kwenye rileve, pamoja na alama. Kulia, andika kozi za mwaka wa kwanza wa masta unayoitaka. Sasa unganisha. Mtu wa kemia akiwa na kemia ya uchambuzi, kemia ya maji na takwimu, na kulia kuna toksikolojia (elimu ya sumu), ubora wa maji na biostatistiki, ana mistari mitatu. Epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea) haina mwenzake kushoto: hiyo ndiyo shimo lake, na atalifanyia kazi katika hatua ya 4.

Mistari ikiwa mitatu au zaidi, endelea. Ikiwa mmoja, tafuta fani ya katikati. Ikiwa hakuna kabisa, sikukatazi, ila jua kwamba unahitaji mwaka wa maandalizi, siyo barua nzuri.

Daraja lingine ni mahali unapoishi, na sisi wa Lubumbashi tunalisahau kwa kuwa tunaliona kila siku. Mwaka 2009 watafiti wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya wakazi wa karibu na migodi na viwanda kusini mwa Katanga, na kobalti iliyokutwa ilikuwa nyingi mno. Kule mtaa wa Penga Penga, watu wa agronomia wamejaribu kupanda miti na majani kwenye udongo ulioharibiwa na moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba. Kemia, afya, udongo, miti: fani nne juu ya tatizo moja, na wewe unapita hapo kwa taksi-basi. Mwombaji wa mbali angelipa pesa nyingi kuwa na swali la utafiti mlangoni kwake hivyo.

*Angalia:* usichague fani kwa sababu mtu fulani alipata bursi humo. Alama zake si zako, na bursi yake imeshaliwa.

Hatua ya 3. Soma masharti mpaka mwisho

Tenganisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya: kukubaliwa na chuo, na kupewa bursi. Sehemu nyingine ni ombi moja, sehemu nyingine ni maombi mawili yenye tarehe mbili tofauti. Andika zote mbili ukutani.

Kwa anayebadilisha fani, sentensi ya kutafuta katika ukurasa wa masharti ni ile inayosema "diploma katika fani X au fani inayokaribiana". Maneno "inayokaribiana" ndiyo mlango wako. Kama hayapo, andikia sekretarieti ya programu, ambatisha rileve, uliza kama diploma yako inaangaliwa. Swali la mistari minne linaweza kukuokolea miezi sita.

Mambo machache ya kujua kulingana na mahali:

Ubelgiji wa Kifaransa, chuo kinaweza kumkubali mtu wa fani nyingine kwa sharti la kuongeza kredi, mpaka 60, yaani sawa na mwaka mmoja. Upande wa Flanders kuna programu za maandalizi kabla ya masta. Usilione hilo kama tusi. Ila uliza mapema kama bursi inalipa mwaka huo wa nyongeza, maana mara nyingi hailipi.

Ujerumani, bursi za DAAD (shirika la Kijerumani la kubadilishana wanafunzi) za masta zinazohusu maendeleo hudai kazi ya angalau miaka 2, na diploma ya mwisho isiwe na zaidi ya miaka 6. Anayebadilisha fani aisome sheria hiyo ya miaka 6 kwa makini: ukizunguka sana, mlango unajifunga.

Uingereza, Chevening (bursi ya serikali yao) inataka saa 2,800 za kazi, na kazi ya kujitolea inahesabiwa. Maombi hufunguliwa Agosti. Ukipata, unalazimika kurudi nyumbani miaka 2 baada ya masomo. Masta za pamoja za Ulaya, Erasmus Mundus, nyingi hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari.

Na karibu? UNILU yenyewe ina shule ya afya ya umma. Kinshasa kuna ERAIFT, shule ya masomo ya juu iliyoanzishwa 1999, inayopokea watu wa fani mbalimbali kwa ajili ya misitu na maeneo ya tropiki. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, huko Zambia, kuna Kitwe na Lusaka, ambako masomo ni kwa Kiingereza na basi linafika. Watu hapa wanaangalia Brussels mpaka shingo inauma, huku Kitwe iko jirani.

Hatua ya 4. Fanya kitu kidogo cha kweli katika fani mpya

Kama utafuata hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Barua inasema unataka. Kazi ndogo inaonyesha umeanza. Nimeona dosie za watu wenye satisfaksio ya kawaida (alama za wastani) zikipita mbele ya wenye distinksio (asilimia 70 na zaidi) kwa sababu ya miezi mitano ya kazi isiyolipwa.

Kwa mtu wetu wa kemia, kazi hiyo inaweza kwenda hivi:

a) Nenda ofisi kuu ya zone ya afya ya mtaa wako, Katuba, Kenya, Kampemba, popote unapokaa. Omba kuonana na daktari mkuu wa zone. Nenda na barua ya ukurasa mmoja: wewe ni nani, unataka kufanya nini, kwa muda gani, na kwamba huombi pesa. Sentensi hiyo ya mwisho iweke juu, inafungua masikio.

b) Pendekeza jambo dogo linalopimika. Kwa mfano, visima kumi vya mtaa mmoja, mara moja kwa mwezi, pH (kipimo cha asidi) na konduktiviti (jinsi maji yanavyopitisha umeme), pamoja na klorini pale watu wanapotia dawa. Usipendekeze "kupambana na magonjwa yanayotokana na maji katika jimbo la Haut-Katanga". Hakuna atakayekupa jimbo.

c) Tembea na reko, yaani yule mhudumu wa afya wa jamii. Yeye anajua mama gani ana kisima, nani atafungua mlango, na saa ngapi. Bila reko utaulizwa kama unatoka kwenye ofisi ya kodi.

d) Weka namba zako kwenye Excel siku hiyohiyo: tarehe, kisima, kina kama kinajulikana, kipimo, maoni. Daftari likilowa mvua ya Januari, miezi yako imekwenda na maji.

e) Mwishoni andika ripoti ya kurasa nne, upeleke nakala zone, na uombe atestesheni yenye muhuri inayotaja tarehe za kuanza na kumaliza. Usingoje mwaka. Daktari mkuu anaweza kuhamishwa, na mpya hakujui.

Sambamba na hapo, ziba lile shimo la epidemiolojia kwa kozi ya intaneti. FUN, tovuti ya vyuo vya Ufaransa, ina kozi za bure kwa Kifaransa, na tovuti ya Coursera huwa inakubali maombi ya msaada wa ada kwa anayetaka cheti. Kozi moja uliyoimaliza ina uzito kuliko saba ulizoanza. Kama umeme kwenu ni wa kubahatisha, pakua video usiku mtandao unapokuwa mwepesi, utazame mchana.

*Angalia:* usijipe cheo. "Mkuu wa mradi" wa mradi wenye mtu mmoja huchekesha. Andika "mjitoleaji, ufuatiliaji wa maji ya visima", inatosha.

Hatua ya 5. Panga karatasi zisomeke na mtu asiyeijua Kongo

Majina. Sisi tuna jina, postnomu (jina la pili) na jina la ubatizo. Fomu za nje zina nafasi mbili. Fuata pasipoti, herufi kwa herufi, na ufuate hivyohivyo kila mahali. Kama diploma ina Kabwe Ilunga Josué na rileve ya G2 ina Ilunga Kabwe Josué, nenda aparitora (ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi) sasa hivi ukaombe irekebishwe au upewe atestesheni kwamba ni mtu mmoja. Usiseme wataelewa. Hawataelewa.

Lisansi. Kwa mtu wa Ufaransa, lisansi ni miaka 3. Kama yako ni ya mfumo wa zamani, graduwa miaka 3 na juu yake lisansi miaka 2, andika wazi kwenye CV: "miaka 5 baada ya diploma ya serikali" (ile ya kumaliza sekondari). Nchi ilipohamia LMD kwa jumla kuanzia 2021-2022, madiploma ya aina mbili yakawa sokoni kwa wakati mmoja, na msomaji wa mbali hawezi kubahatisha lako ni lipi.

Alama. Kwetu asilimia 70 ni distinksio na wachache wanaifikia. Kwa mwingine asilimia 64 inaonekana kama mtu aliyeponea chupuchupu. Omba kitivo kikupe karatasi ya kueleza mizani ya alama, na kama ulikuwa wa tatu kati ya arobaini, omba waandike nafasi hiyo. Nafasi darasani inaeleweka kila nchi.

Kuskani: simu inatosha, mchana, karibu na dirisha, karatasi ikiwa bapa. Faili moja kwa karatasi moja, iitwe kwa jina lako na kilichomo. Ukienda sekretaria ya barabarani kuchapa na kuskani, futa faili zako kwenye kompyuta yao kabla ya kuondoka, na chomoa flashi mwenyewe.

Hatua ya 6. Andika barua ya nia upya, kutoka mwanzo

Usichukue ile ya zamani ukabadilisha jina la fani. Inaonekana. Kuna mtu huwa anasahau neno moja katikati, na kamati ya afya inasoma "shauku yangu kwa kemia ya organiki".

Soma hizi mbili:

"Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusaidia jamii yangu. Baada ya kukataliwa katika kemia, niligundua kwamba wito wangu wa kweli ni afya ya umma."

"Katika memwari yangu nilipima shaba na kobalti katika maji ya visima vya mtaa mmoja wa Lubumbashi. Kupima nilijua, kusema ni nani anayeumia, na baada ya muda gani, sikujua. Kwa miezi mitano nimefuatilia visima vya mtaa huo pamoja na ofisi ya zone ya afya, na swali hilo limebaki. Kozi zenu za epidemiolojia na toksikolojia ndizo zinazolishughulikia."

Ya kwanza inaweza kuandikwa na yeyote, na inamfanya msomaji ajione kama chaguo la pili. Ya pili ina mahali, ina kazi, ina shimo linalotajwa bila aibu, na inaonyesha kwamba programu imesomwa. Haina neno baya juu ya fani ya zamani. Kemia ndiyo iliyokufikisha pale. Usiitukane mlangoni kwa jirani.

Je, utaje kukataliwa? Fomu ikiuliza kama uliwahi kuomba, jibu ndiyo, daima, maana wana orodha. Katika barua, usiguse kama ni chuo kingine. Kama ni chuo kilekile, sentensi moja: uliomba mwaka fulani, na tangu hapo umefanya hili na hili. Usiombe radhi wala usijitetee.

Ukurasa mmoja, au mmoja na nusu. Mpe asome mtu wa fani mpya, siyo rafiki yako. Rafiki atasema ni nzuri sana.

Hatua ya 7. Barua za mapendekezo

Chukua mbili kutoka fani ya zamani na moja kutoka mpya: promota wa memwari (profesa aliyeiongoza), mwalimu mwingine aliyekupa alama nzuri katika moja ya zile kozi za daraja, na daktari wa zone au aliyekusimamia.

Promota anaweza kuona kama unamkimbia. Mwendee ana kwa ana ikiwezekana, kampasi ya Kasapa, siku ambayo hana mtihani. Kabla ya hapo mtumie ujumbe:

"Jambo Profesa. Ni mimi niliyefanya memwari ya visima na wewe. Ninaomba dakika kumi za muda wako wiki hii. Nataka kuendelea na kazi ile kwa upande wa afya, na ningependa ushauri wako kabla sijakuomba barua."

Kuomba ushauri kabla ya barua si ujanja, ni adabu. Na mara nyingi atakuonyesha programu usiyoijua. Akisema "andika mwenyewe, nitasaini", usiandike sifa. Andika mambo: kozi gani, alama gani, ulifanya nini maabarani, memwari ilihusu nini. Mpe kama kumbukumbu, naye aongeze maneno yake. Barua tatu zenye mtindo mmoja wa kuandika kamati huzitambua haraka.

Programu nyingi hutuma kiungo moja kwa moja kwa profesa. Mwambie jina la mtumaji litakuwa nani, siku gani, na aangalie kisanduku cha barua taka. Kama ana anwani ya chuo inayofanya kazi, tumia hiyo. Mpe wiki nne. Mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, mara moja siku tano kabla. Mpigie simu badala ya kuacha alama mbili za bluu zikuumize roho.

Hatua ya 8. Tuma, halafu thibitisha

Tuma siku tatu kabla. Saa ya mwisho huandikwa kwa saa ya kwao. Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa, na wakati wa baridi ya Ulaya saa moja mbele ya Brussels, kwa hiyo angalau hilo liko upande wetu. Mtandao hauko upande wa mtu.

Baada ya kutuma, hifadhi PDF ya fomu nzima na namba ya dosie. Bila barua pepe ya kuthibitisha, chukulia kwamba hujatuma.

*Angalia:* bursi ya kweli haikuombi utume pesa kwa M-Pesa au Airtel Money kwenye namba ya mtu ili "kufungua dosie". Vyuo vingine vina ada ya maombi, lakini hulipwa kwenye tovuti yao au benki, na risiti ina jina la chuo. Anayekuambia ana mtu ndani, mwachie mtu wake.

Yakikwama

*Rileve ya mwaka mmoja haipatikani aparitora.* Omba kwa maandishi, baki na nakala yenye saini ya aliyepokea. Ukisubiri, andikia programu kabla ya tarehe ya mwisho, ambatisha nakala hiyo, uliza kama wanapokea rileve baadaye. Wengi huruhusu wakiulizwa kabla, baada, hapana.

*Profesa amenyamaza na zimebaki siku nne.* Ndiyo maana ulikuwa na mtu wa nne. Badilisha jina kwenye fomu, umwarifu profesa kwa heshima kwamba hutaki kumsumbua tena mwaka huu. Utamhitaji mwakani.

*Programu ni ya Kiingereza na Kiingereza chako kinayumba.* Usilipe mtihani kwanza. Fanya mazoezi ya bure ya mtihani huohuo nyumbani mpaka ufikie alama inayotakiwa mara mbili mfululizo, ndipo ulipe. Mtu mwenye ndugu Kitwe akakae naye mwezi mmoja. Sokoni hakuna anayekungoja utafute neno.

*Wamekukubali, lakini kwa sharti la kredi za nyongeza.* Uliza mambo matatu kabla ya kushangilia: ni kredi ngapi, zinafanywa kabla au pamoja na masta, na nani analipa. Viza na bursi vinahesabu miaka, siyo kredi.

*Familia inasema unarudi nyuma.* Mjomba atauliza mezani, "Si ulisoma kemia wewe?" Usimweleze mfumo wa LMD. Mwambie unapima maji wanayokunywa watoto, na umwombe sampuli ya kisima chake.

*Umekataliwa tena, sasa katika fani mpya.* Rudi hatua ya 1 na dosie zote mbili mezani. Ukiona tatizo lilelile katika zote, ni karatasi au ni barua, na hilo linatengenezeka kwa wiki chache. Ukiona dosie ya pili ilifika mbali zaidi, mahojiano au orodha ya akiba, usihame tena fani. Endelea na visima vyako, ongeza miezi, na uombe programu tatu badala ya moja, mojawapo iwe ya hapahapa nchini, ambayo unaweza kuianza bila kungoja viza.